Kilwa si ya kupiga picha na kugeuza basi

Wiki hii nilipanga niwaandikie habari za testi na za maji kukatika hosteli, lakini hayo yatasubiri. Kuna tangazo limebandikwa ukutani pale karibu na kafeteria, limenikera tangu Jumatatu, na nisipolisema hapa nitalisema usingizini halafu mwenzangu wa chumbani aanze kulalamika.

Kikundi kimoja hapa chuoni (sikitaji, wenyewe wanajijua) kimeandaa ziara ya Kilwa. Ya siku moja. Basi linaondoka saa tisa usiku, linafika Kilwa Masoko kwenye saa nne asubuhi, watu wanavuka kwenda kuona magofu, saa nane mchana wote ndani ya basi, saa tatu usiku mko hosteli mnakula chipsi. Chini kabisa wameandika kwa wino mwekundu kwamba njiani "tutapita" Kilwa Kivinje kama muda ukiruhusu.

Kama muda ukiruhusu! Hapo ndipo damu ilipochemka. Maana mimi ni mtoto wa Kivinje.

Najua kuna watu watasema, "huyu anapigia debe kwao." Ndiyo, napigia debe. Jamaa wa Moshi wakipigia debe mlima wao hamsemi kitu, wa Zanzibar wakisifia Mji Mkongwe mnaitikia amin. Wa Kusini akifungua mdomo anaulizwa, "kwenu kuna nini zaidi ya korosho?" Sasa kaeni nijibu, na leo nitajibu kwa hesabu kwanza, kwa hasira baadaye.

Hesabu. Saa tisa usiku hadi saa nne asubuhi ni masaa saba ndani ya basi. Saa nane mchana hadi saa tatu usiku ni mengine saba. Jumla kumi na nne. Kilwa yenyewe imepewa masaa manne. Katika hayo manne toa muda wa kwenda ofisini kuchukua kibali, manake kisiwani huingii kama unaingia sokoni. Magofu yako chini ya TAWA na kibali kinatolewa Masoko. Toa muda wa kupata boti, watu hamsini hawapandi boti moja. Toa kuvuka na kurudi. Toa kula. Umebakiwa na saa moja na nusu, mbili ukiwa na bahati. Yaani unakaa barabarani mara saba ya muda unaokaa kwenye kitu ulichokifuata. Hiyo si ziara jamani, hiyo ni adhabu yenye picha.

Na katika masaa mawili hayo utaona nini? Utaona Gereza kwa kuwa liko karibu na unaposhukia. Utakimbilia Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11 na upanuzi wake mkubwa wenye kuba ni wa karne ya 14, enzi za Sultan al-Hasan bin Sulaiman. Hapo kila mtu atajipiga picha kwenye matao, dakika arobaini zimekwisha. Husuni Kubwa hutaiona. Iko upande wa mashariki, juu ya genge linaloangalia bahari, na kufika kule kwa miguu kunataka muda na maji ya kunywa. Hiyo ndiyo kasri yenye vyumba zaidi ya mia moja na lile birika la pembe nane. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, zama za sultani huyohuyo. Mtu alitoka Moroko kwa miguu, ngamia na majahazi akapata muda wa kukaa. Wewe umetoka Ubungo na huna muda.

Tena huyu wa zamani hakuwa na lami. Sisi tumepewa lami, tumepewa Daraja la Mkapa pale Rufiji tangu 2003, siku zile watu walikuwa wanalala foleni ya kivuko. Barabara imekuwa nzuri, na badala ya kutufanya tukae zaidi, tumeitumia kuondoka haraka zaidi. Ajabu kweli.

Sasa nije kwenye hoja yenyewe. Nasema hivi: mtu anayetaka kuiona Kilwa alale Kivinje, siku nne au tano, na kila asubuhi atoke kwenda mahali pamoja tu, jioni arudi. Safari za siku moja mimi sizipingi. Napinga zinapoanzia. Zikianzia Dar ni kichekesho. Zikianzia Kivinje zinakuwa na akili.

Wenzetu huko bahari ya Mediterania wanajua jambo hili zamani. Mtu anafikia Naples au Sorrento, analala pale wiki nzima. Leo anakwenda Pompeii, kesho Herculaneum, keshokutwa anavuka kwenda kisiwa cha Capri, usiku anarudi kwenye mji uleule, anakula kwa mama yuleyule. Mji unafaidi, mgeni anafaidi. Na Venice je? Venice walichoshwa na wageni wa kuja asubuhi na kuondoka jioni, wanaojaza vichochoro na kuacha takataka bila kulala wala kula, hadi Aprili 2024 wakaanza kuwatoza euro 5 kwa siku zenye msongamano. Wanaolala mjini hawalipi hiyo. Umeona? Mji tajiri vile umesema wazi kwamba mgeni wa siku moja ni hasara. Sisi huku Kivinje tusiokuwa na chochote tunaambiwa tushukuru basi likipunguza mwendo.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hebu niambieni, kwa tangazo lile mwenyeji anaponaje? Basi ni la Dar. Dereva wa Dar. Chakula, nimeuliza, kinapikwa huku usiku na kubebwa kwenye ndoo. Anayeeleza historia ni mwanafunzi mwenzetu aliyesoma desa. Kilwa inabaki na ada ya kiingilio na nauli ya boti, basi. Mama wa vitumbua haambulii hata shilingi. Kijana mwenye bajaji hapati abiria hata mmoja. Mwenye gesti ya vyumba sita anakaa na funguo zake ukutani.

"Lakini kwa nini Kivinje na si Masoko?" Swali zuri, na ndilo ninaloulizwa kila mara. Masoko ndiko makao ya wilaya, ndiko ofisi ya kibali, ndiko boti za kwenda kisiwani, na gesti ni nyingi. Kivinje ipo kaskazini yake, mwendo wa kama kilomita thelathini, unaacha barabara ya Nangurukuru kuelekea Masoko pale Singino unateremka pwani. Sibishi hata moja. Atakayelala Masoko sitamgombeza, angalau amelala.

Ila Masoko ni mji wa juzi. Ulikua kwa sababu bandari yake ni ya kina kirefu, na ya Kivinje maji yakipwa majahazi yanakaa kwenye tope kama mabata. Meli kubwa zilipokuja, Kivinje haikuwa na la kufanya. Ofisi zikahama, biashara ikafuata, na mji uliobaki ukabaki na majumba yake. Ndiyo maana Kivinje unaweza kuusoma. Kisiwani ni magofu ya mji uliokwisha. Kivinje ni mji wa zamani ambao watu bado wanalala ndani yake, wanaanika samaki, wanaswali, wanagombana. Mtaa wa maduka ya Wahindi na roshani zake za mbao zilizoinama, milango ya nakshi, boma la Mjerumani linalotazama bahari, mafundi majahazi kule ufukweni. Hakuna kamba ya "usivuke". Ni mtaa wa watu.

Na historia yake si ya kupita kwa dirisha la basi, wadau. Karne ya 19 Kivinje ndiyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa. Pembe, sandarusi, na watu. Watu, tena maelfu kila mwaka, walifika hapo wakiwa wamefungwa, wakapakiwa majahazini kwenda Zanzibar na mbele yake. Mwaka 1873 Sultan Barghash alisaini mkataba wa kufunga biashara hiyo baharini, lakini kusaini Unguja na kukoma Kivinje yalikuwa mambo mawili. Akaja Mjerumani. Mwaka 1888 pwani nzima iliwaka, na hapo Kivinje maajenti wawili wa ile kampuni ya Kijerumani wakauawa. Mwaka 1894 Hassan bin Omari Makunganya akaushambulia mji, mwaka uliofuata wakamkamata, wakamnyonga hapohapo. Mahali penyewe mpaka leo panaitwa Mwembe Kinyonga. Hospitali ya wilaya inaitwa Kinyonga. Sisi tumekua tukitamka jina hilo tunapopelekwa kuchanjwa, ndipo baadaye darasani unakuja kujua umetamka nini.

Sasa fikirini. Kwenye mtaa mmoja wa Kivinje kuna ukoo uliokuja kama wenye msafara na ukoo uliokuja na msafara shingoni. Wameoana, wamezikana, wanakopeshana chumvi. Habari hizo hazielezwi kwa mgeni wa dakika kumi aliyeshuka na kamera akauliza, "samahani, soko la watumwa lilikuwa wapi?" Hata mimi nisingekujibu. Zinaelezwa siku ya tatu, barazani, baada ya alasiri, kahawa ikiwa ya pili, mzee akishakuzoea na akishajua wewe ni mtoto wa nani. Na zinaelezwa kwa mafungu. Ukija na saa mkononi utapewa zile za kitabuni tu, na hizo ungeweza kuzisoma maktaba bila kutoa nauli.

Hapo ndipo linaponiuma zaidi. Kwenye tangazo lile kuna wanafunzi wa historia, wa urithi, wa utalii. Miaka miwili mitatu mbele hao ndio walimu na ndio maofisa. Wataandika ripoti kwamba "Kivinje haina mwamko" kwa sababu waliipita saa nane mchana, jua kali, watu wamelala, maji yamekupwa, wakaona tope. Ripoti hizo ndizo zinazoamua nyumba ipi itengenezwe na ipi iachwe. Na nyumba hizi hazisubiri. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, boriti ni za mikoko. Paa likitoboka masika moja, maji yanaingia ukutani; masika ya pili chokaa inalegea; masika ya tatu ukuta unalala barabarani. Tangu niingie sekondari nimehesabu kwa macho yangu nyumba zilizolala. Kisiwani na Songo Mnara ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, zikawekwa kwenye orodha ya hatari 2004, zikahangaikiwa, zikatolewa 2014. Vizuri, nimefurahi. Kivinje haina wa kuihangaikia isipokuwa mpangaji atakayelipa chumba na kumfanya mwenye nyumba aone faida ya kununua bati.

Haya, nisije nikaambiwa napiga kelele bila mpango. Mpango huu hapa, nakilini.

Siku ya kwanza hamwendi popote. Mnatembea Kivinje kwa miguu, asubuhi na tena jioni, mchana mnalala kama wenyeji. Shikamoo kwa kila mkubwa, mavazi ya heshima, na picha ya mtu mnaomba. Ijumaa mchana mji unakwenda msikitini, msishangae maduka kufungwa. Mwezi wa Ramadhani mnakaribishwa, futari mtaipata, lakini msitafune ovyo barabarani.

Siku ya pili Kisiwani. Mnatoka mapema kwenda Masoko, kibali kwanza, boti baadaye. Mnaanza Husuni Kubwa jua likiwa dogo, mnarudi taratibu Makutani, Msikiti Mkuu, msikiti wa kuba, mnamalizia Gereza. Kuna kijiji pale, watu wanaishi, mnaweza kuagiza chakula mkaacha hela. Mwongozaji awe wa kwao, si mwenzenu wa desa.

Siku ya tatu Songo Mnara. Hii ndiyo wengi hawafiki kabisa, kwa kuwa haina huruma na ratiba ya basi. Iko kusini zaidi ya Kisiwani, na kushuka kwake kunategemea maji. Yakiwa yamekupwa mtavua viatu mtembee majini kandokando ya mikoko. Lakini mkifika mnaona nyumba za mawe zenye milango, nyua na vyumba vya ndani, misikiti, ukuta wa mji, na pengine hamna mtu mwingine isipokuwa nyinyi. Hapa ratiba inapangwa na bahari. Kila siku maji yanachelewa karibu dakika hamsini kuliko jana, na mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ni bamvua, yanajaa sana na kupwa sana. Ukimuuliza nahodha jioni, "kesho saa ngapi?" ataangalia maji, hataangalia simu. Msibishane naye.

Siku ya nne mnaipa bahari mgongo, mnapanda Umatumbi. Wote tumesoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia ya 1969, wengine tumeiigiza tukiwa na kaniki kiunoni. Nani kati yenu amefika Nandete? Huko ndiko Julai 1905 watu waling'oa pamba ya Mjerumani na vita vya Maji Maji vikaanza. Agosti mwaka huohuo Kinjekitile Ngwale akanyongwa Mohoro, na vita vilipokwisha 1907 waliokufa, wengi kwa njaa iliyoletwa makusudi, wanakadiriwa kuanzia 75,000 hadi laki tatu. Mnaondoka alfajiri, mnarudi Nangurukuru, mnashika barabara ya Dar kisha mnaingia bara kuelekea Kipatimu. Huko kuna mapango ya Nang'oma pia. Wakati wa masika msijaribu, na wala msiwe na haraka.

Siku ya tano mnapumzika, mnanunua korosho na pweza mkavu, mnaaga watu. Kuaga ni sehemu ya ziara.

Kuna vitu sikuviweka makusudi. Tendaguru, kule yalikochimbwa mafupa ya mijusi wakubwa kati ya 1909 na 1913 yakapelekwa Berlin, haikai kwenye siku moja kutoka Kivinje. Iko bara ya Lindi, ni safari yake. Anayewaambia mtaunganisha anawauzia mbuzi kwenye gunia. Na msimu pia angalieni: Machi hadi Mei mvua. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ilikatika pale Somanga na Kusini yote ikakaa upande wake. Basi la kwenda na kurudi siku hiyohiyo lingefanyaje? Aliyelala Kivinje angeendelea kula wali wa nazi.

Nijibu na la bichi, maana nalisikia. Ni kweli, Kivinje haina mchanga mweupe wa kwenye kalenda. Ina tope, mikoko na mivinje iliyoipa jina. Mkitaka kuogelea nendeni Jimbiza, Masoko, siku ile ya Kisiwani mkirudi. La hela je? Gharama ya siku tano ni kubwa kuliko ya siku moja, sikatai, na bumu tunalijua lilivyo. Lakini mabasi ya kawaida yapo, gesti zetu si hoteli za nyota, na chakula cha mama ntilie Kivinje hakikushindi. Watu ishirini wakigawana boti, boti inakuwa rahisi. Wekeni akiba semista moja, nendeni likizo. Kwani mara ngapi tunatumia hela ya aina hiyo wikiendi mbili tu mjini, na Jumatatu hakuna hata anayekumbuka alikunywa nini?

Hivyo ombi langu kwa walioandaa ile ziara ni moja: ahirisheni. Mkiona haiwezekani, basi ondoeni lile neno "Kilwa Kivinje" kwenye tangazo. Semeni mnakwenda Kisiwani kwa masaa mawili, itakuwa kweli na haitamdhuru mtu. Mji wetu usiwekwe kama kachumbari pembeni ya sahani.

Mimi likizo hii nashuka nyumbani. Niko tayari kuongoza watu wasiozidi kumi na tano kwa mpango huo wa juu, bila malipo yangu, kila mmoja anajilipia chumba na chakula chake kwa wenyeji moja kwa moja. Sharti ni kulala si chini ya usiku nne. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwetu jembe lipo: kuna kuta mbili tatu zinahitaji watu wa kubeba mawe. Anayetaka aje chumbani kwangu kabla ya Ijumaa, nina daftari naandika majina.

Nawasilisha. Wanaobisha wabishe, ila waje na hesabu zao za masaa.